Mwili Wako Unaudai Kiasi Gani?

*TAFAKURI YA LEO: 16 RAMADHANI*



Ndugu zangu waumini, alhamdulillah tumevuka nusu ya mwezi. Nusu ya kwanza maswali ya swaumu huwa yale yale tunayoyajua: mswaki, dawa ya macho, mate, sindano. Ikiingia nusu ya pili huanza maswali ya aina nyingine, na mengi huulizwa kwa sauti ya chini, mtu akishakuvuta pembeni ya msikiti. "Ustadhi, nimefunga siku zote hizi, mbona mwili haupungui?" "Ustadhi, nikinuia swaumu na kupunguza kitambi kwa pamoja, funga inasihi?" Na lipo la tatu ambalo si swali hasa, ni malalamiko: "Kila Ramadhani napungua, kila Shawwal narudi pale pale. Nimechoka hata kujaribu."

Leo tuyajibu yote matatu kwa pamoja, maana mzizi wake ni mmoja. Ujumbe ni mrefu kidogo, kwa hiyo usiusome ukiwa jikoni unageuza sambusa. Usome baada ya tarawehe, umekaa, umetulia.

*Tuanze na nia*

Sote tuliopita madrasa tunakumbuka mas-ala ya udhu. Mtu akitia udhu kwa nia ya udhu, na papo hapo akafurahia maji kumpoza na joto, udhu wake unasihi katika madhehebu yetu ya Shafi. Swaumu nayo iko hivyo. Aliyenuia usiku kufunga Ramadhani kwa ajili ya Allah (s.w.), na moyoni akatarajia pia mwili upungue, funga yake inasihi. Kuhusu thawabu, wanazuoni wamelizungumza kwa urefu, na muhtasari wake ni kwamba kadiri lengo la dunia linavyoukamata moyo, ndivyo fungu la akhera linavyopungua.

Sasa utajuaje kilichoukamata moyo wako? Jiulize jambo moja tu. Ungeambiwa leo, kwa uhakika kabisa, kwamba mwezi huu hutapungua hata robo kilo, kesho ungefunga? Kama jibu ni ndiyo, nia yako iko mahali pake, na kupungua ni ziada. Kama umesita, basi kaa na huko kusita kwako usiku huu. Usiogope. Nia hutengenezwa upya kila siku, ndiyo maana tunanuia kila usiku.

*Hesabu ndogo*

Niruhusuni nivae koti la ualimu kidogo.

Chukua mtu mwenye kilo 90 leo, ambaye miaka 8 iliyopita alikuwa na kilo 74. Ameongezeka kilo 16. Gawa kwa miaka 8, unapata kilo 2 kwa mwaka. Gawa kilo 2 kwa wiki 52, unapata kama gramu 40 kwa wiki. Gramu 40! Ni uzito wa tende chache. Mizani ya nyumbani haiwezi hata kuuona. Hakuna siku aliyoamka akajiona amenenepa. Suruali tu ilikuwa inabana kidogo kila Idi, akamlaumu fundi.

Mwili huo ulichukua miaka 8 kufika hapo, na wewe hukuuharakisha. Leo unauambia urudishe vyote kwa siku 30. Hebu niambie, ungekuwa ni mtu unamdai, na ukamdai namna hiyo, watu wangekuitaje?

Wataalamu wa lishe kwa kawaida husema kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo kasi ambayo watu wengi wanaweza kwenda nayo kwa usalama. Kwa mwenzetu wa kilo 90, tuchukue nusu kilo. Wiki nne za Ramadhani ni kilo 2. Asilimia 5 ya uzito wake ni kilo 4 na nusu, nazo zitamchukua wiki 9. Asilimia 10 ni kilo 9, na hizo ni wiki 18, yaani zaidi ya miezi minne. Na usidhani ni mstari ulionyooka. Kuna wiki itashuka kilo nzima, na kuna wiki mbili mizani itakataa kabisa kusogea. Mwili ukishakuwa mdogo unahitaji chakula kidogo zaidi kuliko zamani, kwa hiyo chakula kile kile kilichokupunguza mwanzoni, baadaye kinakuweka pale pale tu. Hakuna aliyekuroga. Mwili unafanya kazi aliyoumbwa nayo, kulinda akiba yake.

Na Ramadhani yenyewe? Tafiti zimefanywa katika nchi mbalimbali juu ya waliofunga mwezi mzima. Kwa wastani mtu hupungua kama kilo moja hivi au zaidi kidogo, na sehemu kubwa yake hurudi ndani ya wiki chache baada ya Idi. Kwa hiyo ndugu yangu unayelalamika kwamba umepungua kilo moja tu, hujashindwa lolote. Uko sawa na wafungaji wenzako duniani kote.

Jambo jingine: usipime uzito saa kumi na moja jioni ukashangilia. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mtu aliyefunga kwenye joto letu hili anapopanda mizani kabla ya Magharibi, sehemu ya alichopungua ni maji, na yatarudi kwenye glasi ya kwanza ya juisi ya ukwaju. Hata zile kilo zinazoondoka haraka wiki ya kwanza ya kupunguza chakula, sehemu kubwa huwa ni wanga wa akiba ulioko kwenye ini na misuli, pamoja na maji yanayokaa nao. Mafuta huondoka taratibu. Ndiyo maana wauzaji wa "pungua kilo 7 kwa siku 7" hawasemi uongo mtupu. Wanakuuzia maji yako mwenyewe.

*Kidogo kinatosha kufanya nini?*

Hapa ndipo wengi hatupajui, na tungepajua tungepumua.

Mwaka 2002 yalichapishwa huko Marekani matokeo ya utafiti mkubwa juu ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa na sukari ya juu kiasi, bado hawajawa wagonjwa wa kisukari lakini wako mlangoni. Kundi moja halikuambiwa liwe na miili ya vijana wa miaka 20. Liliambiwa mambo mawili: punguzeni asilimia 7 ya uzito wenu, na fanyeni mazoezi, kama kutembea kwa haraka, angalau dakika 150 kwa wiki. Kwa wastani watu hao walipungua kilo 5 na nusu hivi. Wengi wao ukiwaona barabarani ungesema bado ni wanene. Lakini katika muda wa karibu miaka 3, hatari ya kupata kisukari kwao ilikuwa imepungua kwa asilimia 58 ukilinganisha na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kundi jingine lilipewa metformini, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kutoka kliniki za sukari. Kwao hatari ilipungua kwa asilimia 31.

Walifuatiliwa tena. Ilipofika kama miaka 10, wale wa kundi la kwanza walikuwa wamerudisha sehemu ya uzito wao. Ndiyo, walirudisha. Hata hivyo kiwango cha kisukari kwao, ukihesabu miaka yote hiyo, bado kilikuwa chini kwa asilimia 34.

Dada yangu uliyechoka kujaribu, soma tena mistari hiyo. Walirudisha sehemu, na bado walipata faida. Kurudi nyuma kidogo si sawa na kutokwenda kabisa.

*Haraka ni maradhi ya moyo kabla ya kuwa maradhi ya mwili*

Sasa tuingie kwenye swali lenyewe la leo. Je, kutarajia makubwa kwa haraka kutoka kwa mwili wako ni jambo la kimaadili, au ni kosa la hesabu tu?

Mimi nasema ni jambo la kimaadili. Qur'ani imetueleza katika Sura ya Al-Anbiyaa, aya ya 37, kwamba haraka imo katika maumbile ya mwanadamu. Kwa hiyo haraka si ajabu, lakini tumeamrishwa kuitawala. Na haraka hii ya kilo ina mambo matatu ndani yake.

La kwanza ni dhulma. Mwili ni amana, na una haki juu yako. Anayejinyima daku, akashinda na njaa na kiu, kisha akafuturu glasi ya maji na nusu tango ili Idi imkute mwembamba, ameichukua amana akaitumia kama punda wa kukodi. Na dhulma hiyo huwafikia wengine. Mtu mwenye njaa ya kujitakia huwa mkali kwa watoto, huchoka kazini, na kwenye tarawehe anahesabu rakaa zilizobaki.

La pili ni kiburi kilichojificha. Ndani kabisa tunaamini kwamba mwili utatutii kwa sababu tumeamua. Tunasahau kwamba hatukuuumba sisi. Mkulima hupanda mhindi akausubiri, haendi shambani usiku kuuvuta majani urefuke. Mja ana sehemu yake, nayo ni kupanda na kupalilia. Kuotesha si kazi yake.

La tatu, na ndilo baya zaidi, ni kukata tamaa. Tazama mnyororo wake. Mtu anataka kilo 10 kwa mwezi. Anapata 2. Zile 2 ni neema, lakini kwa kuwa aliahidiwa 10, anaziona ni aibu. Mchana wa Idi anasema, "basi tena," na anakula kama anayelipa kisasi. Shawwal inaisha amerudi alipokuwa, na sasa ameongeza kitu kimoja moyoni: imani kwamba yeye ni mtu asiyeweza. Mwakani ataanza akiwa na kilo zile zile na imani hiyo juu. Matarajio ya uongo yamemfanya akufuru neema ya kilo 2.

Hebu sasa tazama Mola wetu alivyotulea sisi. Qur'ani iliteremka kwa muda wa miaka 23 hivi. Ulevi, ambao ulikuwa umeingia kwenye damu ya Waarabu, haukuharamishwa kwa siku moja. Kwanza walielezwa kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake. Kisha wakakatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa, na mwenye swala tano, fanya hesabu mwenyewe, anabakiwa na muda gani wa kulewa? Mwisho ndipo ikaja amri ya kuacha kabisa, na ilipokuja watu walimwaga pombe njiani. Bibi Aisha (r.a.) ameeleza kwamba lau amri ya kwanza kabisa kuteremka ingekuwa ni kuacha ulevi, watu wangesema hawaachi kamwe. Aliyeziumba nafsi anajua zinavyoachishwa mazoea. Wewe unataka kuiachisha nafsi yako chapati, soda, chipsi za usiku na usingizi wa mchana, vyote Jumatatu asubuhi.

*Sahaba aliyetamani angekubali kidogo*

Kisa cha Abdullah bin Amr bin Al-Aas (r.a.) kimo katika Bukhari na Muslim, na kila nikikisoma nahisi kinatuhusu sisi. Alikuwa kijana mwenye nguvu na hamu ya ibada. Akaazimia kufunga kila siku na kusimama usiku kucha. Habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), akamwita, akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, mkewe ana haki. Akamwelekeza afunge siku 3 kila mwezi. Kijana akasema anaweza zaidi ya hapo. Akaongezewa. Akasema anaweza zaidi. Mwisho akafikishiwa funga ya Nabii Daud (a.s.), kufunga siku moja na kula siku moja, na akaambiwa hakuna iliyo bora kuliko hiyo.

Miaka ikapita. Abdullah akazeeka, nguvu zikaisha, na hakupenda kuliacha jambo aliloachana na Mtume akiwa nalo. Ndipo akasema alitamani angekubali ile ruhusa aliyopewa mwanzo.

Tafakari hapo. Mtume (s.a.w.) hakumpimia kijana yule kwa nguvu alizokuwa nazo siku ile. Alimpimia kwa uzee wake. Na hicho ndicho kipimo ninachotaka uondoke nacho leo. Unapochagua namna ya kula au mazoezi, usijiulize kama unaweza kufanya leo. Leo, ukiwa na hamasa, unaweza chochote. Jiulize: hili nitaliweza Shawwal, mtoto akiwa na homa, kazini kuna presha, mgeni kaja na keki? Nitaliweza baada ya miaka 10? Kama huliwezi, lipunguze mpaka uliweze, hata likibaki dogo kiasi cha kuonea haya. Tumefundishwa kwamba amali anayoipenda zaidi Allah ni ile inayodumu ingawa ni chache. Wazee wetu nao walikwishasema, bandu bandu huisha gogo. Aliyeshika shoka siku ya kwanza anaona vibanzi tu chini, na gogo liko vile vile. Angehukumu kazi yake kwa siku hiyo angelitupa shoka.

*"Ustadhi, si unatufundisha uvivu?"*

Najua kuna atakayesema hivyo. Atasema: himma ya Muislamu inatakiwa iwe juu, na wewe unatuambia turidhike na nusu kilo. Pia atasema kuna watu anaowajua waliopungua kilo 10 kwa mwezi.

Hoja hii ina uzito, tusiipuuze. Ni kweli wapo wanaopungua haraka. Mwenye mwili mkubwa sana huanza kwa kasi kuliko mwenye mwili wa wastani, na wapo wanaopunguzwa haraka na madaktari kwa sababu za kitabibu, chini ya uangalizi. Na ni kweli kwamba neno "taratibu" linaweza kuwa mto wa kulalia. Mtu anasema taratibu, taratibu, kumbe hajaanza.

Lakini pima vizuri. Kipi kigumu zaidi: kujinyima wiki tatu huku watu wakikusifu "mashallah umependeza", au kuacha kijiko kimoja cha sukari kwenye chai kila siku kwa miaka 5 bila mtu yeyote kujua? Hicho cha pili hakina makofi. Hakina picha ya kabla na baada. Ni wewe na Mola wako na kikombe. Swaumu yenyewe ni ibada ya namna hiyo, ya siri, hakuna anayejua kama umekunywa maji chooni isipokuwa Allah. Tofauti ya mvivu na mwenye busara iko hapa: mvivu huipunguza kazi mpaka iishe, mwenye busara huipunguza mpaka idumu.

Na himma yako usiishushe. Ielekeze tu kwenye kile kilicho mikononi mwako. Namba ya mizani haiko mikononi mwako moja kwa moja. Kutembea kuko mikononi mwako. Kijiko kiko mikononi mwako. Jiwekee ahadi juu ya hivyo, na namba umwachie Allah.

*Mizani mbili*

Kabla ya kufika kwenye matendo, niseme na wale wenye ulimi.

Si kila unene umetoka kwenye sahani. Kuna dawa zinanenepesha, kuna uzazi, kuna homoni, kuna urithi wa ukoo, kuna kazi ya kukaa kwenye kiti masaa 12, kuna mfuko unaomudu wali na maharage tu kila siku. Unapomwambia mwenzako kwenye safu "sheikh, hicho kitambi kinakuzuia kusujudu," umejua kilichomo mwilini mwake? Na wewe mume unayemwambia mkeo mbele ya watoto kwamba amekuwa kama gunia, kumbuka nani alibeba mimba zako.

Bibi Aisha (r.a.) amesimulia mwenyewe kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, naye akamshinda. Baadaye alipoongezeka mwili walishindana tena, safari hii Mtume akashinda. Akacheka, akamwambia kwa utani kwamba hii ni ya kulipa ile. Jamani, tazama hapo. Mwili wa mke umebadilika, na mumewe bado anamwita wakimbie pamoja, na mabadiliko yale yamekuwa kicheko cha mapenzi hata Bibi Aisha mwenyewe akayasimulia bila kuona haya. Ukitaka mkeo afanye mazoezi, basi vaa viatu mwende wote.

Na siku masahaba walipocheka wembamba wa miguu ya Abdullah bin Mas'ud (r.a.), alipokuwa juu ya mti akichuma miswaki, Mtume (s.a.w.) aliwaambia kwamba miguu hiyo katika mizani ni mizito kuliko mlima Uhud. Mnene na mwembamba wote wamejibiwa hapo. Kuna mizani ya duka la dawa, ina kazi yake na tunaihitaji. Na kuna Mizani nyingine ambayo siku hiyo tutatamani kila mmoja awe mzito.

*Sasa tufanye nini?*

Mambo machache, chagua mawili tu. Usichukue yote, utaniangusha.

1. Futuru kwa tende na maji, kisha inuka uswali Magharibi. Ukirudi, kaa ule kwa utulivu. Hizo dakika chache zinavunja ile pupa ya kwanza, na pupa ndiyo inayojaza sahani mara tatu.

2. Katika vya kukaanga, chagua kimoja kwa siku. Leo sambusa, kesho bajia, keshokutwa kaimati. Meza ya futari yetu ina mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, uji, juisi na vitumbua, vyote kwa pamoja, halafu tunashangaa kwamba tumefunga na tumeongezeka. Aya ya 31 ya Sura ya Al-Aaraf imetuhalalishia kula na kunywa na ikatukataza israfu. Na tumefundishwa kipimo cha tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi.

3. Usiache daku. Ina baraka, na aliyekula daku ya maana hafiki Magharibi akiwa amechanganyikiwa.

4. Njoo msikitini kwa miguu. Kama nyumba yako iko mwendo wa dakika 11, kwenda na kurudi mara moja tu kwa siku ni dakika 22, na kwa wiki ni dakika 154. Umezivuka zile dakika 150 za utafiti bila kununua hata viatu vya mazoezi, na kila hatua ya kuiendea swala ina ujira wake. Akina mama mnaoswali nyumbani, tafuteni jirani mtembee asubuhi au baada ya Alasiri.

5. Pima uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile, saa ile ile. Anayepima kila siku anajitafutia huzuni bure.

6. Baada ya Idi, zile sita za Shawwal, na Jumatatu na Alhamisi kwa anayeweza, ziendelee. Zifunge kwa ajili ya Allah kwanza. Mwili utapata fungu lake.

Na haya yafuatayo si ya kuchagua. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, mwenye presha, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo: usibadilishe chakula wala dawa kabla hujazungumza na daktari wako, na akikwambia ule, kula. Aya zile zile za swaumu katika Al-Baqara zimetueleza kwamba Allah anatutakia wepesi. Chai na vidonge vya kupunguza mwili vinavyouzwa mitandaoni, hujui kilichomo. Vingi vinakuharisha tu, na kuharisha kunatoa maji, hakutoi mafuta. Anayepungua bila kutaka, aende hospitali haraka. Na kama una binti au kijana anayekwepa chakula hata usiku, au anayejitapisha baada ya kula, usimpigie mawaidha na usimcheke. Mpeleke akasaidiwe, huo ni ugonjwa.

*Zoezi la leo*

Kabla hujalala, andika jambo moja dogo la chakula au la kutembea ambalo uko tayari kulifanya mpaka Ramadhani ijayo, tukijaaliwa kufika. Usiandike kilo. Andika tendo. Kisha lisome tena na ujiulize kama utaliweza siku mbaya, siku ambayo huna hamasa yoyote. Kama huwezi, kata nusu. Ukiteleza siku moja, siku inayofuata endelea, kama unavyoendelea kufunga baada ya siku uliyoumwa na kula. Siku uliyokula inadaiwa, haifuti zile ulizofunga.

Ewe Mola wetu, tupe miili itakayotubeba kwenye twaa yako mpaka mwisho wa umri wetu. Tupe subira ya kuridhika na kidogo kinachodumu. Waponye wagonjwa wetu wa sukari, presha na magoti, na uwape chakula wale ambao njaa yao haiishi Magharibi. Tukubalie swaumu zetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako ambaye unajua yatamfaa, lakini usimtumie kwa kumlenga kitambi chake.

Wabillahi tawfiq. Daku njema.